Nusu Tamu Iko Kwangu

Jamani, masikio yapo?

"Yapo, na nta tumeitoa!"

Na boga langu la kusimulia?

"Utapewa ukimaliza!"

Haya. Nimewasikia, msije mkageuka.

"Maboga thelathini!" alifoka Bi Nguchiro. "Kwa mwezi?"

"Kwa mwezi," alisema Mwalimu Kiboko, akapiga mwayo, aaaah! "Darasani nafundisha nusu. Nusu tamu iko kwangu, tuisheni, saa kumi."

"Basi nitamtafutia mwanangu Somoe mwalimu mwingine."

"Mtafutie, Mama Somoe. Ila mtihani wa Ijumaa natunga mimi."

Bi Nguchiro alirudi kwake damu inamchemka. Kuchagua gani huku, na wa kuchaguliwa ni mmoja? Somoe asipojua kugawanya, anarudia darasa mara ya tatu. Akaketi. Akawaza. Akacheka, kwi kwi kwi!

Alhamisi asubuhi akabingirisha maboga thelathini mpaka shuleni, bingiri bingiri. Kiboko akabugia la kwanza. Kwacha! Ganda tupu. La pili, kwacha! Ganda tupu.

"Mama Somoe, nyama yake iko wapi?"

"Hiyo ni nusu ya darasani, Mwalimu. Nusu tamu iko kwangu, saa kumi."

Saa tisa na nusu Kiboko keshafika kwenye kichuguu cha Bi Nguchiro. Harufu ya boga la kuchemsha ikamvuta pua. Akaingiza kichwa mlangoni, gubu! Mbele haendi, nyuma harudi. Ndani wamekaa watoto wote thelathini wa darasa lake, vibao mapajani.

"Nitoeni!"

"Kugawanya kwanza, Mwalimu," alisema Bi Nguchiro. "Kila ukifundisha hesabu moja, nachimba konzi moja ya udongo hapo shingoni."

Akafundisha, akachimba, chimbu. Akafundisha, akachimba, chimbu. Mpaka jua linazama, Kiboko hakubakiza somo lolote moyoni. Pwaa! Kichwa kikatoka.

"Maboga yangu!"

"Tumeyagawanya, Mwalimu," alijibu Somoe, mdomo umejaa. "Thelathini kwa watoto thelathini. Kila mtu moja, baki sifuri."

Wazazi, funzo ni hili: mkichagua mwalimu wa tuisheni, vyeti msiulize, mpimeni shingo. Na hila ni mbaya sana, msimfanyie mwalimu yeyote.

Hadithi nimeifunga, kamba nawaachia. Boga langu leteni. Zima, na nyama yake.