Kigoda Karibu na Mlango

Mwaka 1986, mwezi wa Julai, manyunyu yalinyesha siku kumi na tisa mfululizo, na mashamba ya chai hayakuonekana kwa ukungu hadi saa nne asubuhi. Siku zile, wapendwa, kila aliyekwenda kwenye sala ya jumuiya alibeba kigoda chake. Ninavikumbuka bado, vimepangwa sebuleni, vikinukia moshi wa kuni.

Kulikuwa na mama mmoja mshonaji ambaye kila Alhamisi alikiweka chake karibu na mlango. Wenzake walimtania: "Dada, umeacha maharage motoni?" Naye alicheka, asihame.

Mwezi huo akarudi kijijini mwanamume aliyefungwa miaka tisa kwa kumbaka mwanamke wa kijiji jirani. Mzee wa kanisa akaomba watu watatu wa kukaa naye kila juma, asije akarudia. Wa kwanza kujitolea alikuwa yule mshonaji. Alhamisi iliyofuata alikuja na vigoda viwili.

Mwanamume akaketi, akainamisha kichwa. "Shetani alinipitia," akasema. Watu wakaanza kupiga makofi.

"Ngojeni," alisema mama. "Kaka, shetani hakufungwa miaka tisa. Sema upya."

"Yalitokea mambo…"

"Hayakutokea. Uliyafanya. Tutaonana Alhamisi."

Alhamisi ya kumi na nne ndipo aliposema: "Alikataa. Nilimsikia akikataa. Nikambaka."

"Haya," mama akajibu. "Sasa tunaweza kuanza."

Mzee wa kanisa akafurahi. "Mama, Mungu amekujalia moyo wa kusamehe."

"Sijasema nimesamehe, mzee. Mwaka 1963, aliyenibaka mimi alisimama mbele yenu akasema shetani alimpitia. Mkampigia makofi. Mimi nilikuwa kwenye kwaya, mkaniambia niimbe. Nimekuja ili aliyembaka yule mama wa kijiji jirani asipigiwe makofi kama yale."

Ndugu zangu, ni nani kati yetu aliyewahi kumwuliza, bila utani, kwa nini anakaa pale mlangoni? Kumpokea mkosaji tulikujua: makofi ya dakika moja, kisha chai. Aliyekosewa tulimwachia wimbo. Basi sisi, kabla ya kumwambia yeyote "karibu nyumbani", tumtafute kwanza aliyeketi tayari kuondoka.

Makofi yetu ya dakika moja nimeyapigia hesabu. Yalimgharimu mama yule miaka ishirini na mitatu.