Kindi, Kiboko na Gemu Iliyokamuliwa

"Wanangu, niingie?"

"Ingia!"

"Niingie na nani?"

"Na hadithi!"

"Nimwache nani nje?"

"Mwenye kununa!"

Haya, nimeingia nayo. Sogeeni. Mwenye baridi ashike pindo la kanga yangu.

Siku za nyuma, lakini si nyuma sana, maana televisheni zilikuwepo, aliishi Kiboko. Mwili wake mkubwa, nyumba yake kubwa, na ndani ya nyumba ana televisheni yenye upana wa mlango. Akila, anakula peke yake. Akitazama, anatazama peke yake, mkewe na wa nyumbani wamebaki jikoni. Mtu akichungulia dirishani, anavuta pazia, shwaa!

Jirani yake alikuwa Mama Digidigi, mwenye binti mmoja aitwaye Kidete. Siku moja Kidete aliteleza kwenye mawe ya mtoni, akavunjika mguu. Mguu ukafungwa vijiti, akalazwa chali. Hebu fikirini, mtoto wa digidigi, aliyezaliwa kuruka, amelazwa chali! Akawa analia asubuhi, analia mchana.

Majirani hawakumwacha. Bata alileta uji, na njiani alikuwa akiupepea kwa bawa ili ufike umepoa. Kobe alikuja kumpigia soga, na kwa kuwa anaujua mwendo wake, alitoka kwake mtoto hajaamka. Naye Kanga, aliporudi safari, akamletea gemu ya mkononi, ndogo kama kipande cha sabuni. Ndani yake kulikuwa na kifaranga anayeruka madimbwi. Ukibonyeza, anaruka. Pyu! Ukibonyeza tena, anaruka tena. Pyu! Kidete alibonyeza, kifaranga akaruka, na mtoto akajiona kama ndiye anayeruka yeye. Kilio kikakatika.

Kiboko akasikia ile pyu, pyu, pyu. Akaja kumjulia hali mgonjwa. Puu! Puu! Puu! Akakalia kigoda, kigoda kikavunjika. Akanywa uji wa mgonjwa mpaka bakuli likang'aa. Kisha akaiona gemu.

"Nini hiki?"

"Gemu yangu, mjomba," Kidete akasema.

"Naiazima."

"Mpaka lini, mjomba?"

"Mpaka niichoke."

Akaondoka nayo. Puu! Puu! Puu! Kidete akageukia ukutani, akaanza kulia upya, safari hii bila sauti, ili mama yake asisikie. Kilio cha namna hiyo, wanangu, ndicho kinachomuumiza mama kuliko vyote.

Sasa, juu ya paa alikuwepo Kindi. Alikuwa anawazibia tundu linalovuja, na kupitia tundu hilohilo aliona yote. Akateremka ukutani, chwi-chwi-chwi.

"Dada," akamwambia Mama Digidigi, "ngoja niende nikamsalimie mjomba."

"We Kindi, atakukanyaga!"

"Akinikanyaga, njoo unibandue."

Akapitia kwake, akachukua waya, akaufunga kiunoni, akaenda.

Alimkuta Kiboko anafoka. "Kioo kidogo! Vitufe vidogo! Nabonyeza kimoja, vinabonyea vyote! Kifaranga kila saa anaanguka dimbwini!"

"Hodi, mjomba!"

"Umebeba chakula?"

"Sikubeba."

"Sasa hodi ya nini?"

"Nimeleta waya, mjomba. Upande huu unaingia kwenye gemu, upande ule unaingia nyuma ya televisheni. Kilichomo kwenye gemu utakiona kwenye televisheni."

Kiboko akaacha kufoka. "Kwa upana ule?"

"Kwa upana uleule wa mlango."

"Pita, pita ndani! Ila usiutafune huo waya. Nyie akina kindi meno yenu hayatulii."

Kindi akapenya nyuma ya televisheni, kwenye vumbi na buibui, akapiga chafya, akaona matundu yamejipanga. Akachomeka, kwa! Akachomeka na upande wa gemu, kwi!

"Sasa shika rimoti, mjomba. Chagua tundu la pili. Si hilo. Hilo umeongeza sauti. Wala si hilo, hilo umeigeuza lugha. Hapohapo!"

Tiiing!

Kifaranga akatokea kwenye televisheni, mkubwa kama ndama. Kiboko akarudi nyuma, akaanguka na kochi lake. Kifaranga akaruka dimbwi, PYU! Vikombe vikatikisika kabatini.

"Mama yangu! Anaruka mwenyewe!"

"Usipoigusa, mjomba, gemu hujionyesha yenyewe."

"Safi sana. Kucheza ni kazi. Mimi nataka kutazama."

Akatazama. Akacheka, akajipiga tumbo, ndi! ndi! ndi! Halafu akainamia ile gemu ndogo mkononi mwake. Kioo chake kilikuwa cheusi kama kitako cha sufuria.

"Kindi! Humu ndani mbona giza?"

"Unaona giza, mjomba?"

"Giza tupu! Kifaranga hayumo. Madimbwi hayamo. Yuko wapi kifaranga?"

"Mjomba, wewe unamwona wapi?"

"Namwona kwenye televisheni!"

"Basi ni hivyo unavyoona."

Kiboko akatazama kubwa, akatazama ndogo. Akatazama kubwa, akatazama ndogo. Halafu macho yakamtoka.

"Nimeelewa! Ni kama nazi! Mke wangu akikamua nazi, tui lote linaingia sufuriani, mkononi anabaki na machicha. Picha zote zimekamuliwa zikaingia huku. Hili hapa ni machicha!"

"Mimi sijasema kitu, mjomba."

"Utasema nini, na akili ndogo kama hiyo? Machicha hayakai nyumbani kwangu. Nachomoa waya."

Hapo Kindi akashika kichwa. "Mjomba, tafadhali, usichomoe! Ukichomoa hutaona kitu. Iache gemu hapohapo, na waya wake, na kifaranga utamwona kila siku."

Ule ulikuwa ukweli mtupu, wanangu. Kindi hakuongeza chumvi wala hakupunguza. Lakini mnyang'anyi akiambiwa ukweli, huutafutia wizi ndani yake.

"Ahaa!" Kiboko akasema. "Mbona unanisihi hivyo? Mbona unataka machicha yabaki yamegusana na tui? Nimekushtukia! Unataka kidude chako kizinyonye picha zangu usiku, moja moja, mpaka zirudi zote!"

"Mjomba, walahi sivyo."

"Na kuapa unaapa! Sasa nina hakika."

Akaizima televisheni kwanza, picha zisije zikamwagika sakafuni. Akauchomoa waya. Akachukua tambara, akaliziba lile tundu la nyuma, akalisindilia kwa kidole gumba, tii! tii! tii! Ule waya akaufyonza ncha zote mbili, kama mtu anayelamba mwiko, akautupia uvunguni.

"Kubwa limebaki kwangu," akasema. "Chukua machicha yako, umpelekee yule mtoto anayelialia. Mwambie Kiboko ndiye amempa. Mwambie nina huruma."

"Nitamwambia, mjomba. Maneno hayohayo, sipunguzi hata moja."

Kindi akaondoka taratibu mpaka kwenye kona. Alipoipita kona, hakuna aliyemwona tena, ila vumbi tu. Fyuu!

Kidete akaipokea gemu kwa mikono miwili. Akabonyeza. Kioo kikawaka. Kifaranga huyo hapo, dimbwi hilo hapo. Pyu!

Kindi akawasimulia yote ya tui na machicha. Kicheko chao kilikuwa cha polepole, maana kitanda kikitikisika mguu unauma. Mama Digidigi alicheka huku anajifuta macho. Bata alicheka huku ameubana mdomo wake kwa bawa.

Huku nyuma Kiboko ameshiba, amewasha televisheni yake. Samawati. Kona hadi kona, samawati tupu.

"Nyamazeni!" akawaambia wa nyumbani. "Kifaranga amelala. Hajaizoea nyumba."

Akasubiri. Samawati. Akasogeza kochi. Samawati. Akagonga kioo kwa adabu, ngo ngo ngo, "Kifaranga, amka, mwanangu." Samawati. Na katika kusubiri kule, akasikia kwa mbali: pyu, pyu, pyu.

Alitoka kama mafuriko. Puu! Puu! Puu! Ukuta wa Mama Digidigi ukatikisika. Kidete akaikumbatia gemu kifuani. Kiboko akajaa mlangoni, akafungua kinywa aseme "Lete hapa!"

Kindi akamuwahi. Alisimama juu ya dirisha, akapiga makofi. "Jamani, huyu hapa! Huyu ndiye aliyesema nimletee mtoto gemu yake! Amesema yeye ndiye amempa, tena amesema ana huruma!"

Bata akapiga makofi. Kanga akapiga vigelegele. Kobe akatoa kichwa chote nje, jambo ambalo halifanyi kwa kila mtu. Mama Digidigi akammiminia uji kwenye bakuli kubwa kuliko yote. Na Kidete, bado ameikumbatia gemu, akasema kwa sauti ndogo, "Asante, mjomba. Mguu ukipona nitakuja kukufagilia uwanja."

Kinywa cha Kiboko kilikuwa bado wazi. Hakuna aliyewahi kumpigia makofi tangu azaliwe. Akatazama gemu. Akatazama watu. "Lete hapa" ikageuka kinywani.

"Ni... ni kawaida yangu," akasema. "Mimi ndivyo nilivyo."

Akanywa uji wake polepole, amekaa chini, maana kigoda hakipo. Alipokuwa anaaga, akamvuta Kindi pembeni, akanong'ona.

"Na tui langu je?"

"Tui gani, mjomba?"

"Lile la kwenye televisheni."

"Mjomba, tui ulilitaja wewe. Mimi nilikuomba usichomoe."

Kiboko akafikiri. Akafikiri mpaka masikio yakacheza. Kisha akajikuna, akaenda zake, na njia nzima akawa anajipigia makofi kidogokidogo, pa, pa, pa, aone kama yanalia vilevile.

Basi, wanangu, hadithi hii inatufundisha nini? Inatufundisha kwamba anayetaka sifa ya wema aanze kwa kunyang'anya. Asiyechukua cha mwenzake atapata wapi cha kumrudishia? Na Bata, aliyepepea uji siku zote zile, mmesikia nani amempigia vigelegele?

"Mama, si hivyo!"

Si hivyo? Basi fundisho langu limeharibika, tengenezeni lenu. Mimi nimefika mwisho wa njia, nimetua mzigo. Aliyecheka abaki na kicheko chake, na aliyesinzia asiamshwe, nitambeba mwenyewe.