Swali la Nyamizi kwenye Ukuta wa Soko

Afichaye huchoka kabla ya aulizaye. Mliisikia methali hii jana redioni, wanangu, mkataka kujua imetoka wapi. Msiwasingizie wahenga wa kale. Hii imezaliwa juzijuzi tu, na chanzo chake ni hiki.

Nyamizi alikuwa mwandishi wa habari asiye na mwajiri. Gazeti lake lilimwachisha kazi kwa kuwa alikataa kusifia wakubwa kwa bahasha. Basi akawa anaandika habari zake kwenye karatasi kubwa na kuzibandika ukutani sokoni, watu wasome bure.

Mwaka ule maji ya mto yakaanza kuja meusi, yananuka. Walikufa mbuzi, kisha akafa Limi, mtoto wa Bi Shija muuza nyanya. Mji mzima ulinong'ona kuwa ni kiwanda cha ngozi. Bi Shija akamwendea Nyamizi akilia.

"Mwanangu, andika kilichomuua mtoto wangu."

"Nitaandika, mama. Lakini kwanza nimuulize meneja."

"Umuulize muuaji?"

"Nisipomuuliza atasema nimemzulia, na Limi atabaki kuwa uvumi."

Watu waliposikia hayo walisema amehongwa. Neno hilo lilimchoma sana, maana angekuwa wa kuhongwa asingekuwa anakula ugali kwa chumvi.

Kila siku ya gulio alikwenda getini pa kiwanda na swali lilelile: maji meusi yanatoka wapi? Jibu alilopewa aliliandika vilevile lilivyo, akalibandika chini ya lile la gulio lililopita. Kwanza meneja, Bwana Masanilo, alisema kiwanda hakina bomba la kwenda mtoni. Baadaye akasema lipo, ila liliziba zamani. Baadaye tena, eti linapitisha maji ya mvua tu, na hapo ni kiangazi, ardhi imepasuka! Soko lilicheka, kicheko kichungu. Karatasi zikachanwa, Nyamizi akabandika nyingine. Mwenye nyumba akamtolea vyombo nje. Akahamia kwa shangazi yake. Alilia, msidhani hakulia. Kisha aliosha uso, na gulio lilipofika akaenda tena.

Mwishowe Masanilo akaamuru aingizwe ofisini. Macho ya meneja yalikuwa yameiva kwa kukosa usingizi.

"Dada, wewe huchoki?"

"Nachoka, bwana. Lakini mimi nina swali moja tu la kukumbuka. Wewe una majibu mangapi?"

Masanilo alijifuta jasho.

"Ni bomba letu," alisema. "Tuliambiwa tuchimbe shimo la kusafishia maji machafu, tukapuuza. Andika. Nimechoka."

Kesho yake habari ilikuwa ukutani, na wiki hiyohiyo bomba likazibwa. Bi Shija hakujua kusoma. Alimwomba Nyamizi amwonyeshe jina la mwanawe, akaliwekea kidole, akakiacha hapo muda mrefu. Mtu mmoja nyuma yake akauliza ilikuwaje bwana mkubwa yule akiri, ilhali hakuna aliyemshika wala kumtisha. Bi Shija alijibu bila kugeuka, kidole bado kipo juu ya jina la Limi:

"Afichaye huchoka kabla ya aulizaye."