Shada Moja la Atuganile

Hapo zamani, wala si zamani ya wafalme na majini, bali zamani ya juzijuzi ambayo wengi wetu tuliishi ndani yake, palikuwa na msichana aitwaye Atuganile. Alizaliwa Tukuyu, mji wa mvua, ukungu na migomba. Akakua, akaenda Dar es Salaam, akawa mwigizaji. Akaigiza mtumishi wa ndani. Akaigiza mke mdogo. Akaigiza mwizi wa watoto, hata watu wakamzomea sokoni. Mwisho akapewa nafasi iliyomfanya ajulikane nchi nzima. Akawa Mama Lwitiko katika tamthilia ya Jiko la Pili, yule mama aliyemfukuza mwanawe wa pekee kwenye mvua, na tangu siku hiyo akawa haachi kutazama mlango.

Tukuyu nzima ilimpenda. Lakini hadithi hii ni ya wapenzi watatu wa kazi zake.

Wa kwanza alikuwa Tusekile, msusi. Kioo cha saluni yake kilijaa picha za Atuganile hata mteja akitaka kujiona ilimbidi ainame. Habari zote za Atuganile zilipita kwake: amepata tuzo, amegombana na mwongozaji, amekonda, amenenepa. Mteja akikaa kitini, kabla hajasema anataka mtindo gani, Tusekile alikuwa ameshauliza, "Umesikia ya Atu?"

Wa pili alikuwa Ambakisye, mwenye banda la video. Kila jioni aliwasha televisheni, akapanga mabenchi, akawanyamazisha watoto.

Wa tatu alikuwa Bibi Kissa, aliyepoteza macho uzeeni. Alikuja bandani kila jioni na fimbo yake na sweta lake la kijani, akakaa kando ya Ambakisye, na Ambakisye akamwambia yanayoonekana.

"Sasa Mama Lwitiko amesimama mlangoni, bibi. Sasa ameshika taa. Sasa anafuta macho."

"Anafuta kwa mkono au kwa kanga?"

"Kwa kanga."

"Basi analia kweli," Bibi Kissa alisema, naye akafuta ya kwake.

Ikawa jioni moja tamthilia ikaanza, ikaisha, Mama Lwitiko hakutokea. Wakangoja kesho. Hakutokea. Wakangoja wiki iliyofuata. Hakutokea.

Saluni ikageuka baraza. "Ameolewa Uarabuni," alisema mmoja. "Ameringa, anataka aongezewe," alisema mwingine. "Ametusahau tu huyo, mwenzenu anakula samaki wa pwani." Tusekile alibisha hadi sauti ikakauka. Lakini miezi ilipopita naye akaanza kuona uchungu, kwa maana alikuwa amemtetea mtu asiyejibu. Siku moja akabandua picha moja kwenye kioo, ile kubwa, akaitia kwenye droo ya vitana.

Ambakisye alikuwa anajua.

Alikuwa amempeleka kaka yake hospitali kubwa ya Mbeya. Kwenye benchi la kungojea alikuta mwanamke amejifunika kanga hadi machoni. Mwanamke yule akakohoa, akasema, "Samahani." Ambakisye akageuka. Sauti ile alikuwa akiisikia kila jioni.

"Atu?"

"Kaka, nakuomba. Hukuniona."

"Watu wa nyumbani wana hamu na wewe, dada."

"Wana hamu na yule wa kwenye televisheni," alisema Atuganile. "Waache wabaki naye."

Ambakisye akaapa, na kiapo akakishika. Tusekile alipomuuliza, alisema hajui. Watu walipomtukana Atuganile mbele yake, alitazama chini, akafuta vumbi kwenye televisheni isiyo na vumbi. Wakati huohuo mama yake Atuganile alikuwa akibeba uji peke yake kila siku kwa basi kwenda hospitali. Dawa zikawa zinapatikana leo, kesho hazipatikani. Hakuja jirani, hakuja mpenzi wa tamthilia, kwa kuwa hakuna aliyejua. Mwishowe mama akamrudisha binti yake nyumbani kimyakimya, akamlaza chumba cha ndani.

Siku ya mvua kubwa, mama huyo akaingia saluni.

"Nataka nywele za kuvaa, mwanangu. Laini, zisizokwaruza."

"Zako, mama?"

"Za mtu."

"Kichwa chake kikoje?"

Mama akainua mikono yote miwili kuonyesha ukubwa wa kichwa. Mikono ikabaki hapo hewani, kana kwamba bado imekishika. Tusekile akaitazama ile mikono. Alimsuka Atuganile tangu akiwa mwanafunzi; kichwa kile alikijua. Akaenda ndani, akaleta nywele nzuri kuliko zote, akakataa malipo.

"Ndaga fijo, mwanangu, asante sana," alisema mama. "Lakini haya yaishie kwenye kiti hiki."

"Yameisha, mama."

Hayakuisha. Kabla mvua haijakatika Tusekile alikuwa ameshika simu, anatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la mashabiki wa Atuganile, kundi lenye watu wa kila mkoa. "Jamani, Atu wetu hakuturingia. Anaumwa. Yuko kwao, nywele zimekwisha. Tumwombee. Tumsaidie." Alilia akisema, na machozi yake hayakuwa ya kuigiza. Lakini moyo wake ulikuwa unadunda kwa namna aliyoijua vizuri: ule mdundo wa kuwa wa kwanza kuijua habari.

Habari ikaenda. Watu wakaomba misikitini na makanisani, wakatuma msaada, dawa zilizokatika zikanunuliwa. Atuganile akaweza kukaa, akaweza kula. Hilo lilitoka kwa Tusekile.

Habari ikaenda tena. Wapiga picha wakaja hadi uani. Mmoja akapenyeza simu dirishani mwa jiko, na jioni hiyohiyo nchi nzima ikakiona kichwa cha Atuganile kisicho na nywele. Wenye tamthilia wakatangaza kwamba Mama Lwitiko amehamia kwa dada yake na hatarudi tena. Hilo nalo lilitoka kwa Tusekile.

Atuganile akamwambia mama yake, "Funga madirisha." Mama akafunga. Akafunga ya mbele, akafunga ya nyuma, na tangu hapo Atuganile hakutoka nje.

Tusekile alirudisha picha kwenye kioo, lakini alipitia njia ya mbali ili asiione nyumba ile.

Bibi Kissa hakuogopa kupita. Asubuhi moja alikwenda na fimbo yake, akiuliza njia kwa kila anayemsikia, akagonga mlango.

"Hodi hapa!"

"Karibu, bibi," mama akajibu kwa ndani. "Ila mgonjwa hapokei wageni."

"Mwambie aliyekuja hana macho. Atoke bila wasiwasi, hatatazamwa."

Kisha mlango ukafunguka, na Atuganile akatoka, kichwa wazi, akakaa kizingitini kando ya yule mzee. Mama alisema baadaye kwamba hakuwa amemsikia binti yake akicheka kwa muda mrefu, na siku ile alicheka.

"Bibi, umekuja kunipa pole?"

"Pole utapewa na wengi. Mimi nimekuja kudai. Mama Lwitiko alimsamehe mwanawe au hakumsamehe?"

"Haijaigizwa, bibi. Wamenitoa."

"Basi kaigize. Mimi nitakufa karibuni, na siwezi kufa hadithi ikiwa katikati."

"Na mimi je, bibi? Mimi naumwa."

"Nimesikia pumzi yako, mjukuu wangu. Najua. Ndiyo maana nimekuja leo."

Atuganile akampigia mwongozaji simu. Mwongozaji akakataa. Akapiga tena, akakataa. Akapiga tena, akakubali, akaja Tukuyu na kamera na taa zake. Wakapiga picha palepale, kwenye mlango wa mama yake. Mvua haikuwa ya kumwagwa kwa ndoo, ilikuwa mvua ya Tukuyu yenyewe. Mama Lwitiko akafungua mlango, akashika taa, akamwita mwanawe aingie ndani. Mwongozaji akasema, "Imetosha." Atuganile akasema, "Tena. Sikufuta macho kwa kanga." Wakarudia, upepo ukazima taa. Wakarudia, kanga yake ikawa imelowa hadi mwilini. Watu wa kamera walisema hawajawahi kumwona akiigiza hivyo.

Siku ya pili kifua kikabana. Na kabla sehemu ile ya mwisho haijaonyeshwa, Atuganile akafa.

Akazikwa nyuma ya nyumba, karibu na migomba. Mnajua mazishi yetu yanavyokwenda. Kaburi likishafukiwa, mwongoza ratiba husimama na kuita watu kwa makundi yao waweke mashada ya maua: wazazi, ndugu, wafanyakazi wenzake. Kila kundi lina shada lake, na kila shada lina mikono yake. Siku ile mama alikuwa na shada moja la ziada mapajani, la maua meupe ya kando ya mto, alilolifunga mwenyewe.

Akawaita wale watatu pembeni mwa turubai.

"Hili aliliagiza Atu," alisema. "Aliniambia, 'Mama, katika wale waliokuwa wananifuata kwenye televisheni, mmoja aniwekee shada. Mmoja tu, aliyenipenda mimi, si Mama Lwitiko.' Nikamuuliza ni nani. Akasema, 'Wenyewe watajuana.' Haya, juaneni."

Tusekile akanyoosha mkono. "Ni langu, mama. Mimi nilianza kumpenda kabla hajajulikana. Mimi nilimsuka. Wote walipomtukana, nani alimtetea? Na dawa zilipokatika, ni sauti ya nani iliyozirudisha? Bila mimi angekufa akiwa mpweke, na watu wangesema aliringa."

"Bila wewe angekufa na heshima yake," alisema Ambakisye. "Ulimwanika kama nguo, dada. Aliomba kitu kimoja tu, asitazamwe. Mimi ndiye niliyempa. Nilimwona hospitali akiwa yeye, kabisa yeye, si Mama Lwitiko, nikaapa, nikaifunga midomo yangu. Shada ni langu."

"Ukaifunga midomo, na mama huyu akabeba uji peke yake!" Tusekile akamjia juu. "Ungeninong'oneza mimi tu. Mimi tu, Ambakisye! Ningekwenda kumwosha, ningekwenda kumpikia."

"Ungekwenda na simu."

Tusekile akaisukuma simu yake ndani ya mkoba.

Bibi Kissa akagonga fimbo chini. "Mmemaliza? Mimi sura yake siijui hata leo. Na nilikwenda kwa ajili ya Mama Lwitiko, sikatai. Lakini nani mwingine aligonga mlango ule? Wewe msusi ulikuwa unazunguka njia ya mbali. Wewe wa banda ulijificha nyuma ya kiapo. Mimi nilikaa naye kizingitini, akacheka. Nilimrudishia kazi yake. Msanii ni kazi yake."

"Ulimrudisha mvuani, bibi," alisema Ambakisye taratibu.

"Nilimrudisha mvuani," alisema Bibi Kissa. "Alikuwa anakufa, nami nilijua. Niliomba, naye angeweza kukataa. Hakukataa. Hilo mtalipima wenyewe."

Wakamgeukia mama. "Tuamulie wewe."

"Msiniulize mimi," alisema mama. "Wewe uliniletea dawa, ukaniletea na kamera. Wewe ulinitunzia siri, ukaniachia na mzigo. Wewe, bibi, ulimchekesha mwanangu, kisha nikamzika. Mimi sina nguvu ya kupima."

Mvua ikaanza. Mwongoza ratiba akaita, "Wazazi!" Mama akaenda, akaweka shada lake, akarudi. "Ndugu!" Wakaenda. "Wasanii wenzake!" Wakaenda na miwani yao myeusi.

"Wapenzi wa kazi zake! Mwakilishi mmoja!"

Tusekile akalitazama lile shada la maua meupe. Alilitaka kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka. Akajiuliza kama analitaka kwa ajili ya Atu, au ili kesho, mteja akikaa kitini, aweze kumwambia kwamba ni yeye aliyeliweka. Alitafuta jibu moyoni mwake, na moyo ukadunda tu.

"Wapenzi wa kazi zake!" akaita tena yule mwongoza ratiba. Watu wote uani wakageuka kuwatazama. Maua yalianza kulegea kwa maji, na mama alikuwa amelishika shada mbele yao, mikono yote miwili ikiwa hewani, kama siku ile saluni.

Mmoja wao alilichukua. Nani alilichukua, sitasema, kwa sababu wenyeji wa Tukuyu hadi leo hawaachi kugombana kama mikono ile ililistahili. Sasa nawaachia ninyi mliosikiliza. Mmoja alisema, akamponya kidogo na kumvua nguo mbele ya nchi. Mmoja alinyamaza, akamtunzia siri na kumwacha peke yake. Mmoja aliomba, akamrudishia kazi yake na kuufupisha uhai wake. Je, nani kati yao alimpenda Atuganile? Shada lile la maua meupe, nani alistahili kuliweka?