Mkono wa Mzee Senkoro

Haya wajukuu zangu, sogeeni. Ni kale, kale hasa, mawe yangali laini na fisi angali ana haya. Semeni "ilikuwa." Eee, ilikuwa.

Huko milimani alikaa Senkoro, mkewe Nambua, na binti yao Nakijwa. Senkoro alikuwa na kisu cha babu yake, kikali kama ulimi wa shangazi yenu, lakini ngozi ya mpini imelegea. Ukikishika, kinacheza. Ukikikaza, kinacheza.

"Baba Nakijwa, hicho kisu?" Nambua akauliza.

"Kesho."

Mvua ikaja, mvua ikaenda.

"Hicho kisu?"

"Kesho, mama, kesho!"

Basi Nakijwa akapata mchumba. Na desturi ya huko, siku wakwe wanapokuja, baba wa binti hukata kidari cha beberu kwa kisu cha ukoo, mbele ya macho yao. Kisu kikicheza, wakwe hubeba pombe yao na kurudi nayo: nyumba hii imelegea, hatuoi.

Nakijwa, aliyempenda yule kijana mpaka anaunguza uji, akalia. "Baba, wanakuja kesho!"

Ehe, hapo ndipo kesho ya Senkoro ilipofika kweli.

Jioni ile akaloweka ngozi mbichi ya ng'ombe. Asubuhi akabandua ile kuukuu, akavingirisha mpya kwenye mpini. Ngozi mbichi, wanangu, ikikauka hubana.

Nambua akamwambia, "Ishone, iweke kivulini, uiache."

Aiache? Yeye? "Nataka ishike umbo la kiganja changu!"

Ngozi ikawa inateleza. Basi akaukamata mpini, akazungusha ukanda mbichi juu ya mpini na vidole vyake pamoja, akaketi juani. Jua tamu. Akasinzia.

Mnacheka nini? Bado sijafika.

Anaamka, wakwe hao uani. Vuta, mkono hautoki. Vuta, hautoki! Baba wa kijana, Mzee Kiondo, akanyoosha mkono wa salamu, akakutana na kisu.

"Mkwe, umekasirika?"

"Sijakasirika, mkwe wangu. Nimeshonwa."

Nakijwa akajishika mdomo. Wageni wakaanza kuinua vibuyu vyao vya pombe. Ndipo Nambua akaleta kidari, akakitua mbele ya mumewe.

"Kata."

Senkoro akakata. Kwa, kwa, kwa! Vipande sawasawa, kisu hakikucheza hata chembe. Kitacheza kwenda wapi, na kimefungwa?

Mzee Kiondo alicheka mpaka akakaa chini. "Nimeona wanaume wengi walioshika kisu. Mwanamume aliyeshikwa na kisu, leo ndiyo kwanza! Nyumba hii imekazwa mno. Teremsheni vibuyu."

Nakijwa akaolewa. Na baba yake? Karamu nzima mkono uko ndani ya chungu cha maji, ngozi ilainike, na Nambua anamlisha tonge kwa tonge: "Fungua mdomo, mkwe wa watu."

Basi sikieni. Kitu kikilegea, kikaze siku hiyo hiyo. Ukishakikaza, kiache kikauke chenyewe.

Kisa nimekitua hapa. Mwenye masikio akibebe, mwenye njaa akachungulie chungu.