Tanuri la Uani kwa Bi Nguchiro

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, wanyama walipokuwa na nyua na masufuria kama sisi, alikuwapo Bi Nguchiro. Mwili wake mdogo, ungeweza kumfunika kwa kawa. Lakini macho yake, he, yalikuwa hayatulii.

Alikuwa na binti, jina lake Mize, na Mize alikuwa ameposwa na kina Kicheche wa ng'ambo ya mto. Ada ya kwao siku ya arusi ilikuwa hivi: nyumba ya bibi arusi hupeleka kwa wakwe sinia la mikate, na wakwe hulifunua mbele za watu. Likijaa, mama kapata heshima. Lisipojaa, kapata aibu.

Sasa mji mzima ulikuwa na tanuri moja tu, la Bwana Fisi. Ukimpelekea unga wako uliokandwa, anauoka, halafu anagawa: nusu yako, nusu yake. Ukinung'unika, anakuambia kaoke juani. Dada mkubwa wa Mize, Mwanamvua, alipoolewa, sinia lake lilifika nusu. Wakwe wakampa jina, Nusu Sinia. Wanamwita hivyo kisimani, wanamwita hivyo mbele ya watoto wake. Kila Bi Nguchiro akilisikia jina lile, moyo unamchoma.

"Wewe hutaitwa hivyo," alimwambia Mize. "Tunajenga tanuri letu, hapahapa uani."

Mize akaogopa. Bwana Fisi alikwisha kuapa kwamba tanuri la pili akiliona analivunja kwa teke. Mama yake akamjibu kwamba kuliona ataliona, lakini hatajua kama ni tanuri.

Wakaanza kazi. Matofali waliyafyatua wenyewe, madogo madogo, ya kuingia viganjani mwao, wakayachoma kwa pumba za mpunga mpaka yakawa mekundu. Kilichowashinda ni udongo wa kujengea. Ule unataka miguu mizito.

Bi Nguchiro akaenda mtoni kwa Kiboko, akakaa juu ya jiwe, akawa anasikitika peke yake. Kiboko akainua kichwa, akamuuliza ana nini.

"Hakuna neno, kaka yangu. Ni watu tu na midomo yao. Wanasema wewe ngoma huijui, miguu yako ni ya kusimamia. Nimekutetea, lakini niseme nini na mimi sijakuona ukicheza?"

Kiboko alitoka majini hata hakujikung'uta. Wakaongozana mpaka uani, Mize akashika debe, na pale pa kuchezea, tazama bahati, palikuwa pameshamwagwa udongo na maji. Chwaka, chwaka, chwaka! Alicheza mpaka udongo ukawa laini kama unga wa maandazi. Bi Nguchiro akamsifu, na sifa zile hazikuwa za uongo, maana alikanyaga vizuri kweli. Akamwahidi mkate wa kwanza.

Hapa sasa nisikilizeni, maana ndipo penye ufundi. Matofali hayakai hewani. Ukitaka tumbo la tanuri liwe mviringo, kwanza unarundika mchanga mbichi, unaupigapiga mpaka unakuwa kama chungu kilichopinduliwa. Juu ya mchanga ndipo unapanga matofali na udongo. Yakishakauka yakashikana, unautoa mchanga wote kupitia mdomo wa tanuri, tumbo linabaki wazi.

Bi Nguchiro alipanga tofali baada ya tofali, akizunguka kama anayesuka ukili, mpaka akaweka la juu kabisa. Likakaa. Akarudi nyuma, mikono kiunoni, akalitazama. Hajawahi kujenga kitu, na hiki hapa kimesimama.

Udongo ulikauka, lakini mchanga ule ndani ulikuwa mzito, umeshindiliwa, na vidole vyake ni vile mnavyovijua. Angechimba mpaka arusi ipite. Na wakati anawaza, Bwana Fisi huyo mlangoni, na kanzu yake iliyopigwa pasi na fimbo yake.

Bwana Fisi alikuwa na sifa moja aliyojipa mwenyewe: kwamba yeye hagusi nyama isiyochinjwa. Kila baraza akikaa atalisema hilo.

"Kitu gani hiki, Bi Nguchiro? Mbona kama tanuri?"

"Tanuri lina tumbo tupu, bwana wangu. Gonga."

Akagonga kwa fimbo. Ndu! Kumejaa.

Bi Nguchiro akasogea, akashusha sauti. "Usinitie aibu. Kaka yangu wa bara alituletea ng'ombe wa arusi, mnene, nundu imelala upande. Kafika, kaanguka, kafa hata kisu hakijamgusa. Kibudu. Haliwi yule. Nimemfukia hapo, nikamjengea, asije akafukuliwa na mtu asiye na haya."

Koo la Bwana Fisi likapanda, likashuka. "Toba," alisema. "Na umeziba vizuri?"

"Kote nimeziba. Ila hapa mbele udongo uliniishia, nimepachika matofali makavu tu. Nitamalizia kesho. Mchana huu hatupo, mimi na Mize tunakwenda kuwaita majirani waje kutuchambulia mchele."

"Nenda, mama, nenda. Mimi penye kibudu hata sipiti."

Bi Nguchiro akajifunga kanga, akatoka na Mize. Walikwenda mpaka nyuma ya ua wa makuti, wakachuchumaa.

Haikupita muda, wakasikia matofali makavu yanatolewa. Halafu fuku, fuku, fuku! Mchanga unaruka uani kama mvua. Bwana Fisi alinusa, akasikia mchanga tu, akajiambia ng'ombe yuko chini zaidi. Fuku, fuku! Kichwa kikaingia, mabega yakaingia.

Bi Nguchiro hakumwogopa Fisi. Aliliogopea tumbo la tanuri lake. Mchanga ukitoka, je, matofali yatashika? Yakianguka, sinia la Mize nalo limeanguka. Mara akasikia mgongo wa Fisi unaligonga kwa ndani. Du! Akafumba macho.

Halikutikisika.

"Umeona?" alimnong'oneza Mize, na machozi yanamlenga. "Umeona mikono ya mama yako?"

Ndipo akaenda kuwaita majirani kweli. Wakaja na nyungo zao, Bi Kanga mbele. Wakakuta uani pana kilima cha mchanga, na kwenye mdomo wa tanuri mkia na makalio ya mtu mzima.

Bi Nguchiro akauliza kwa adabu kabisa, "Bwana Fisi, umepoteza nini humo?"

Fisi akatoka kinyumenyume, kanzu nyekundu kwa udongo, mchanga mpaka masikioni. Hasira zikamtangulia akili.

"Mwongo huyu! Nimechimba kote, humu hamna kibudu, hata ukwato!"

Nyungo zote zikasimama.

Bi Kanga akamtazama juu mpaka chini. "Ala. Kumbe mikono inayotuokea mikate ndiyo inayofukua vibudu?"

Bwana Fisi akakusanya kanzu yake, akapita katikati yao, akaenda zake. Tangu siku ile hakuna aliyempelekea unga.

Bi Nguchiro akainama, akachungulia ndani ya tanuri lake. Tupu, safi, mviringo. Akawasha moto mdogo, kesho yake mkubwa kidogo, akilizoesha polepole lisije likapasuka. Mkate wa kwanza akampelekea Kiboko mtoni, wa moto, umenyunyiziwa ufuta. Na majirani aliwaambia: njooni na unga wenu na kuni zenu, mwende na mikate yenu yote.

Siku ya arusi sinia likabebwa na nani? Na Mwanamvua, dada mtu, kichwani kwake mwenyewe. Alipita kisimani nalo, polepole, kawa imekataa kufunika kwa jinsi mikate ilivyopanda. Wakwe wote wakasimama kumpisha. Hakuna aliyemwita jina lile, wala siku ile wala baadaye.

Mate yamenikauka, wajukuu zangu. Mikate waliimaliza wao, neno lake ndilo nililowawekea ninyi: mlafi hachimbi lake, humchimbia mwenzake.