Bi Muzna Akataa Kugonga Muhuri

Zama zile za kale, majini walipokuwa wakitumwa kwa pete, nchi ya Marjabu ilitawaliwa na Sultani Munadhiri bin Ghalibu, na mji wake ulisifiwa mashariki na magharibi kwa nguo za nili, buluu iliyokolea isiyopauka hata ikifuliwa miaka. Na hazina ya mji huo ilishikwa na mhasibu mwanamke, Bi Muzna binti Suwedi, mjane mwenye watoto wadogo, ambaye aliirithi kazi ile kwa marehemu mumewe na kuifanya vizuri kumshinda, jambo ambalo wakubwa wa baraza walilijua na hawakulipenda.

Palikuwa na ada Marjabu kwamba mali haihesabiwi kuwa ya Sultani mpaka mhasibu asimame mlangoni pa hazina, mbele ya watu, aulize imetoka wapi, na aliyeileta ajibu, ndipo muhuri ugongwe. Lakini kwa kupita miaka ada ile ilibaki maneno matupu. Mhasibu aliuliza, mleta mali akajibu, "Kwa fadhila za Mola," na muhuri ukagongwa.

Basi Sultani Munadhiri akasikia sifa za Nuriyati, binti wa mfalme jirani, na akampenda kwa kusikia tu, hata akapoteza hamu ya kula. Baba wa binti akataka mahari ya kasri la dhahabu lenye milango ya shaba. Sultani akasononeka, na Waziri Shaddadi akamjia na pete ya akiki aliyoinunua kwa msafiri, na ndani ya pete amefungwa jini aitwaye Barkashi. Waziri akamwamuru jini alete mali, na asubuhi ua wa kasri ukajaa masanduku ya dhahabu na rundo la shaba mfano wa kilima, na Sultani akalia kwa furaha.

Asubuhi hiyo hiyo Bi Muzna alipita mtaa wa watia rangi akienda kazini, na akakuta milango imefungwa na wanawake wamekaa barazani wameshika tama. Walimwambia kwamba masufuria yao yote ya shaba ya kuchovyea nguo yametoweka, na wenye maduka wameibiwa akiba zao, na walinzi wa mtaa wamefungwa kwa amri ya Waziri, eti ndio walioiba. Bi Muzna alipofika hazina, uani kwa kasri, akakuta umati, na Sultani kwenye kiti, na Waziri mbele ya lile rundo.

"Gonga muhuri, Bi Muzna," akasema Waziri. "Tumekuja na mali, hatukuja kufanya mtihani."

"Imetoka wapi?"

"Kwa fadhila za Mola."

"Mola ana fadhila nyingi, Waziri. Mimi nauliza juu ya haya masufuria yenye ukoko wa nili ndani."

Watu wakatazamana. Sultani akakasirika, akasema kwamba asipogonga muhuri, jua likizama atatolewa mjini yeye na wanawe, na nyumba yake atapewa mwingine. Bi Muzna akawafikiria wanawe, na mahali pa kuwalaza usiku huo hakupaona. Kisha akapiga hesabu nyingine: akigonga, wanawe watakula mwaka huu, na mwakani, watia rangi wakiwa hawana cha kuchovyea nguo, hakuna atakayekula Marjabu nzima.

"Sigongi," akasema. "Ada inataka aliyeileta ajibu. Waziri hakubeba hata sufuria moja. Aitwe aliyebeba."

Sultani asingeweza kuvunja ada ya mababu zake mbele ya umati. Waziri akaisugua pete kwa shingo upande, na jini akatokea, kichwa chake kikifika kwenye kuba la hazina, na Bi Muzna akamuuliza alikoitoa mali ile.

"Bibi," akasema jini, "wamenituma wafalme na waganga, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza hilo. Mimi siumbi kitu, Muumba ni mmoja. Mimi nahamisha tu, na pete hainiruhusu kuvuka mipaka ya nchi ya bwana wangu. Dhahabu ni ya wenye maduka wenu, na shaba ni ya watia rangi wenu."

Waziri akadakia kwamba mali ya raia ni mali ya Sultani.

"Kama ni yake, basi hakupata kitu," akasema Bi Muzna. "Maulana, umetoa mfuko wa kulia ukatia wa kushoto, na katikati umefunga watu bure."

"Unataka nimkose Nuriyati?" akasema Sultani. "Kazi yako ni kuhesabu kilichopo, si kuniambia la kufanya."

"Aliyekuambia hivyo ndiye aliyekufikisha hapa. Mimi najua kila nguo inayotoka mji huu imegharimu nini. Si nili inayotumaliza, si shaba. Ni maji, yanayobebwa na punda kutoka nyuma ya mlima. Nusu ya bei ya nguo zetu inaliwa na punda, ndiyo maana wageni wananunua kidogo na kuondoka. Na huko nyuma ya mlima, ndani ya mipaka yetu, mto mzima unamwagika kwenye bwawa la chumvi, hauna mwenyewe. Warudishie watu vyao, kisha jini ahamishe mto."

Waziri akacheka, akauliza kama jini wa zama za Nabii Suleimani atachimba mfereji kama kibarua.

"Afadhali mfereji," akasema jini.

Sultani akauliza mahari itapatikana lini. Bi Muzna akamwambia ni baada ya misimu miwili ya nguo, na amweleze mkwewe ukweli, na kama mkwe hawezi kusubiri ni heri ajue mapema. Sultani akanyoosha mkono na kumvua Waziri pete.

Kila mtu akarudishiwa chake, na walinzi wakafunguliwa, na jini akaupasua mlima na maji yakashuka mpaka mtaa wa watia rangi. Bei ya nguo ikapungua na faida ikazidi, na misafara ikaja kutoka nchi ambazo Marjabu haikuzijua, na ushuru ukajaa hazina bila kupandishwa. Nuriyati alisubiri, na yasemekana alimwambia baba yake kwamba anampenda mume mwenye mto kuliko mume mwenye nyumba ya dhahabu, na harusi ikafanywa mji mzima ukala. Waziri Shaddadi akapewa kazi ya kuwauza wale punda, na hakupata bei nzuri.

Sultani akamwita Bi Muzna ampe joho na mfuko wa dhahabu.

"Dhahabu nitaichukua, Maulana, nina watoto. Joho libaki. Nipe kiti barazani. Nimechoka kuitwa kugonga muhuri juu ya jambo lililokwisha haribika."

Wakubwa wakanung'unika kwamba sasa mhasibu anataka uwaziri, lakini kiti kikawekwa. Siku ya kwanza alikikuta kimesogezwa nyuma, karibu na mlango. Akakibeba mwenyewe, akakiweka mbele, akakaa, akauliza wanapanga nini.

Hayo ndiyo yaliyokuwa Marjabu. Na wewe mwenye duka, au shamba, au ufalme, mwite mhasibu wako leo, kabla hujaamua.